Herufi Kubwa za Mzee Kornelio

Ukifika Lushoto ukaambiwa kwamba ofisi ya daftari la viwanja ina mashine kuu, usiende ukaanza kuitafuta chumba kwa chumba. Hutaiona. Mashine yenyewe iko Dodoma, imefungiwa kwenye chumba chenye baridi kuliko mlima wa Magamba mwezi wa saba, na ndiyo iliyobeba majina ya wenye viwanja wote wa kanda. Huku juu milimani tuna skrini mbili tu nyeusi, zenye maandishi ya kijani, za kuzungumza nayo, na moja kati ya hizo ilishakufa tangu mwaka juzi. Fundi aliahidi kuja. Mafundi na ahadi zao, mnawajua wenyewe.

Hiyo moja iliyobaki hai alikuwa anaikalia Eliza.

Eliza alikuwa karani wa kumbukumbu, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, mzaliwa wa chini kidogo ya Irente, mtoto wa Walutheri wa kulima kabichi na kuimba kwaya. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la tano. Aliyeshika nafasi hiyo ni Mzee Kornelio, rafiki wa marehemu na baba wa ubatizo wa Eliza. Huyo ndiye aliyempeleka sekondari, ndiye aliyesimama naye siku ya kipaimara, na ndiye aliyemshika mkono akamleta kwenye ofisi hii, maana mkuu wa ofisi alikuwa yeye mwenyewe. Eliza alimwita baba, na hakumwita hivyo kwa adabu tu. Alimpenda kama alivyompenda yule aliyemzika.

Sasa, mashine kuu haijui sura ya mtu. Inajua jina la kuingilia na neno la siri, basi. Lakini ukishaingia inakupa ukurasa wa mipangilio yako wewe: herufi ziwe kubwa au ndogo, rangi iwe ipi, mistari iwe mingapi, kitufe gani kifanye nini, na unapobadilisha jambo ikuulize kwanza au isikuulize. Wengi wanaupita ukurasa huo kama wanavyopita tangazo la mnada. Eliza aliupenda. Alikuwa ameipanga mashine kama alivyopanga jiko lake, kila kitu pale mkono unapofika bila kutazama, na asubuhi akikaa hapo alijisikia yuko kwake.

Shida ilianza na macho ya Mzee Kornelio.

Ilikuwa miaka mitatu nyuma. Mtoto wa jicho alimwingia mzee taratibu, macho yote mawili, na mzee akanyamaza kimya. Siku moja akakosea neno lake la siri mara tatu, mashine ikamfungia nje. Kufunguliwa ilibidi apige simu Dodoma, ajieleze kwa mtu wa umri wa wajukuu zake kwamba hazioni vizuri herufi za kubonyeza. Kornelio? Thubutu! Alikuja akasimama nyuma ya kiti cha Eliza akasema, "Hebu nipe ya kwako kwa leo, mwanangu." Eliza akampa. Hiyo leo ikawa miaka mitatu.

Najua utasema kanuni zinakataza. Zinakataza, tena zimebandikwa ukutani. Lakini ungemwambiaje? Baba, ona kanuni namba nne? Huku kwetu mtu mzima aliyekulea akikuomba ufunguo hunyooshi kidole ukutani. Unampa, na unampa kwa mikono miwili.

Tena Eliza hakuishia kumpa. Aliingia kwenye mipangilio yake akamtengenezea baba kitufe. Mzee akikibonyeza tu, herufi zinafura, zinakuwa za njano, mistari inabaki kumi na miwili kwa ukurasa, na hapo akiinama pua karibu iguse kioo alikuwa anasoma. Akimaliza, Eliza anabonyeza kitufe cha pembeni, mambo yanarudi kama anavyoyapenda yeye. Na kwa kuwa mashine ilikuwa na tabia ya kuuliza kila mara, "Una uhakika?", mzee alikasirika. "Hili dude linaniuliza mimi kama nina uhakika! Mimi niliyeanza kazi halijatengenezwa!" Eliza alicheka mpaka machozi, akaliondoa swali lile. Alicheka, maskini.

Karatasi zilikuwa mtihani mkubwa zaidi, maana karatasi haina kitufe. Kwa hiyo barua zote za ofisi aliandika Eliza, akachapa, akampelekea mzee mezani. Mzee anaishika mbali kidogo, anaikazia macho, anatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika na hoja, anasema, "Vizuri," anatia saini. Saini ilibaki nzuri ile ile, mkono wake ulikuwa unaijua njia. Mkewe hakujua kitu. Mchungaji hakujua. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mzee alikuwa haogopi kifo, alikuwa anaogopa kuambiwa aende nyumbani kabla ya siku yake. Ilikuwa imebaki miezi mitano astaafu, na kwaya ilishaanza kufanya mazoezi ya wimbo wa kumuaga.

Basi, Jumatatu moja akaja Klara.

Klara ni mjane wa kijiji cha Migambo, mama wa viazi na karoti, mwenye sauti ndogo. Alikuwa amebeba hati yake ndani ya mfuko wa nailoni, anataka nakala mpya ili awagawie wanawe sehemu zao angali hai. Eliza akaita kiwanja namba 20816. Kikaja. Mwenye kiwanja: Tobia.

"Tobia yupi, mwanangu?" Klara akauliza. "Huyu jirani yangu? Hebu angalia tena."

Eliza akaangalia tena, na tena. Jina lilikuwa limebadilishwa Alhamisi iliyopita, saa nne na dakika kumi asubuhi. Aliyebadilisha: Eliza.

Alhamisi saa nne Eliza alikuwa ghala la chini, peke yake, anatafuta majalada ya zamani kwenye vumbi, na hakuna aliyemwona zaidi ya panya. Aliporudi alikuta skrini ina herufi kubwa za njano. Akabonyeza kitufe chake akaendelea na kazi, kama siku zote. Kwa hiyo alijua. Jumatatu ile ile, mbele ya Klara, akajua ni nani. Lakini midomo ilisema tu, "Mama, hapa kuna kosa, tutaliangalia."

Klara hakupiga kelele. Alikwenda wilayani, akaeleza, wilaya ikapiga simu juu, na Jumatano asubuhi mkaguzi akawa ameshafika.

Jina lake Hamida, mwenyeji wa Tanga mjini, mwanamke nadhifu wa miaka arobaini hivi, aliyepanda kutoka Mombo na kona zile zikamvuruga tumbo, akawa anatafuna kipande cha tangawizi wakati wote. Alimwamkia Mzee Kornelio shikamoo kwa heshima zote. Akamwambia Klara, aliyekuwa ameshakaa kwenye benchi la barazani tangu alfajiri, asubiri atapata jibu. Kisha akavuta kiti mbele ya Eliza.

"Dada Eliza, sina maneno mengi. Jina la kuingilia ni lako, neno la siri ni lako, skrini ni yako. Jirani kapata kiwanja cha mjane. Kama kuna mtu mwingine aliyekalia kiti hiki siku ile, niambie."

Mzee Kornelio alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Eliza akamtazama. Mzee akawa anatazama juu ya kichwa chake, kule kwenye kalenda.

"Eliza ni binti mwaminifu," mzee akasema. "Itakuwa kapitiwa tu."

Kapitiwa! Neno dogo hilo, na lilimwingia Eliza kama mwiba wa mchongoma. Alingoja mzee aongeze la pili. Hakuongeza.

"Basi nisikilize," Hamida akasema. "Saa tisa nafunga jalada. Hizi fomu mbili, moja maelezo ya karani, moja maelezo ya mkuu wa ofisi. Zikija bila jina la mtu mwingine, jalada linakwenda polisi, kwamba karani alibadilisha mali ya mtu kwa makusudi. Na kiwanja kinafungiwa mpaka kesi iishe. Kesi za ardhi unazijua mwenyewe." Akainuka kwenda kuswali na kutafuta chakula ambacho tumbo lake lingekikubali.

Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye miti ya uani, na kupitia dirishani Eliza alimwona Klara amejifunga khanga mabegani, hajala, hajanyanyuka. Akageukia skrini. Hamida alikuwa amemruhusu kutazama, si kubadilisha.

Akafungua ukurasa wake wa mipangilio akashuka mpaka chini kabisa, pale ambapo watu hawafiki. Mashine kuu ina umbea wake. Kila unapobadilisha mpangilio, hata rangi ya herufi, inaandika siku na saa. Alhamisi, saa nne na dakika mbili: herufi kubwa, njano, mistari kumi na miwili. Saa nne na nusu: herufi ndogo, kijani. Katikati ya hapo, saa nne na dakika kumi, ndipo kiwanja cha Klara kilipobadilika jina.

Akabonyeza kitufe cha mzee ili aone kama mzee anavyoona. Akaita viwanja vya Migambo. Herufi zikafura, na kwa kufura huko orodha haikuenea tena kwenye kioo. Kijiji kilionekana. Namba ilionekana, lakini tarakimu ya mwisho ilikuwa imemezwa na ukingo. Majina hayakuonekana kabisa. Kilichobaki ni Migambo 2081, na chini yake Migambo 2081, na chini yake tena Migambo 2081.

Eliza akavuta jalada la Alhamisi lililokuwa bado mezani kwa mzee. Tobia alikuwa amenunua kihalali kiwanja 20814 cha bwana Heri. Kila karatasi ilikuwapo, kila mhuri ulikuwapo. Mzee hakuiba. Hakuhongwa hata kikapu cha matunda ya plamsi. Aliweka jina la Tobia mstari wa tatu badala ya wa kwanza, na mashine haikumuuliza kitu, kwa sababu Eliza ndiye aliyeiziba mdomo.

Hapo Eliza alilia. Alilia kwa hasira, maana kumbe hakukuwa na mwizi wa kumchukia. Alikuwa amenaswa na mikono yake mwenyewe. Akimwonyesha Hamida ule umbea wa mashine, Hamida atauliza tu: herufi kubwa ndiyo nini, na ni za nani? Na jibu lake ni moja, baba haoni. Hilo ndilo asiloweza kulisema. Akinyamaza, ni polisi, na Klara halimi msimu huu wala ujao. Huku moto, huku maji ya moto.

Mzee Kornelio akaingia, akafunga mlango nyuma yake. Alianza kwa Kishambaa, sauti ya nyumbani, ya kwenye mafiga.

"Umekula?"

"Sijala, baba. Alhamisi ulikaa hapa."

"Nilikaa."

"Uliweka jina la Tobia."

Mzee akapapasa kiti, akakipata, akaketi. "Nilijua nimekosea siku aliyosimama Klara hapo nje. Kabla ya hapo sikujua, haki ya Mungu. Mwanangu, imebaki miezi mitano. Miaka thelathini na minne sijaandikiwa barua ya onyo hata moja. Wewe bado una nguvu, watakupa karipio, litapita."

"Kasema polisi, baba."

"Anatisha. Watu wa Tanga kwa maneno huwawezi."

"Baba, tumwambie tu ukweli. Kwamba siku hizi macho..."

"Macho yana nini?"

Aliuliza ghafla, kwa ukali, uso umemgeukia Eliza lakini macho yameangukia kwenye kabati. "Macho yangu yana nini, Eliza?"

Angesema. Alikuwa na neno mdomoni. Lakini alimwona ameketi pale, koti limefungwa vifungo vyote, mzee aliyembeba mgongoni siku ya maziko ya baba yake mlima wote ule kwa sababu viatu vya mtoto vilikuwa vinamuumiza.

"Hayana kitu, baba."

"Ehee." Mzee akashusha pumzi. "Sasa niandikie hiyo fomu yangu. Andika kwamba Alhamisi sikugusa mashine, nilikuwa nakagua majalada. Nitie saini, yule mkaguzi aende zake."

Ala! Umesikia? Kwa kuwa yeye hawezi kuandika, anayemwamuru amwandikie kitanzi ni yule yule atakayekivaa. Na sidhani hata alikifikiria hivyo, maana kila karatasi ya maisha yake ya ofisini aliandika Eliza, hii nayo ilikuwa karatasi tu. Eliza akajibu, "Ndiyo, baba," kwa mazoea. Mzee akarudi ofisini kwake, vidole vikiufuata ukuta.

Aliandika kama alivyoagizwa. Mistari mitatu. Alipofika kwenye neno sikugusa, mkono ukagoma. Akamwona polisi akipanda ngazi, akamwona mama yake kwenye kanisa lililojaa watu wanaonong'onezana, akamwona Klara kwenye benchi. Akafuta yote. Akaanza upya, na safari hii aliandika ilivyokuwa, kwa jina la Kornelio na kwa kauli ya Kornelio. Kwamba ndiye aliyetumia jina la Eliza. Kwamba ndiye aliyeweka jina la Tobia mahali pasipo pake, kwa kukosea, bila kuhongwa. Suala la macho hakuligusa hata kwa nukta. Alijiambia kwamba hapo amemwachia baba heshima yake. Kwenye fomu yake mwenyewe akaandika tu kwamba saa hiyo alikuwa ghalani.

Printa ikaitema karatasi saa tisa kasorobo. Akaipeleka.

"Baba, nikusomee."

"Tangu lini?"

"Hii ni nzito. Nikusomee tu, ni fupi."

"Kwani mimi sijui kusoma?"

Akaipokea, akasogea nayo dirishani, akaishika mbali kidogo. Midomo yake ilichezacheza. Macho yalikwenda kushoto yakarudi kulia, yakashuka, yakasimama katikati kama mtu aliyekuta jambo zito, yakaendelea. Karatasi ilikuwa juu chini, mzee alikuwa ameigeuza alipokuwa anaipokea.

"Vizuri," mzee akasema. "Saini wapi?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Ningependa kukuambia alisema, maana nami nampenda binti huyu. Hakusema. Aliigeuza karatasi polepole, akamshika mzee kidole akakiweka mahali pa saini, kama alivyofanya mara mia mbili, na mzee akatia saini yake nzuri.

Hamida alirudi na ukungu begani. Akachukua fomu zote mbili, akazisoma kimya, ya mzee akairudia. Akamtazama mzee, akamtazama Eliza. Kisha akatoa mhuri kwenye mkoba akauweka mezani, lakini hakuugonga.

"Mzee wangu, sisi tuna utaratibu. Maelezo ya mkuu wa ofisi nayasoma kwa sauti mbele yake kwanza. Ukiwa na la kubadilisha, tunabadilisha hapa hapa."

Utaratibu huo Eliza hakuujua.

Hamida akasoma. "Mimi Kornelio, mkuu wa ofisi, nakiri kwamba kwa muda wa miaka mitatu nimekuwa nikiingia kwenye mashine kuu kwa jina la karani wangu Eliza. Siku ya Alhamisi saa nne asubuhi niliketi kwenye kiti chake yeye akiwa ghalani. Mimi ndiye niliyeandika jina la Tobia kwenye kiwanja cha Bibi Klara. Nilikosea namba. Sikupewa kitu na mtu yeyote. Eliza hakuwapo wala hakujua."

Mzee Kornelio hakutikisika. Kwanza alikuwa bado na lile tabasamu la heshima alilowawekea wageni, likabaki usoni bila mwenyewe. Taratibu likaondoka.

"Haya ni maneno yako, mzee?"

Mzee akisema siyo, ataulizwa mbona kuna saini yake. Akisema sikujua kilichoandikwa, ataulizwa kwa nini hakusoma. Eliza aliyaona yote hayo yakimpitia, akaona mlango mmoja mmoja unavyofungwa, na aliyeufunga ni yeye. Alitamani ardhi ipasuke. Mzee akageuza uso, si kwa Hamida, bali kule alikosikia pumzi za Eliza.

"Ni yangu," akasema.

"Uliyasoma kabla ya kutia saini?"

"Niliyasoma."

"Una la kuongeza?"

"Hilo neno la siri nilimwamuru anipe. Mtoto hakuwa na namna. Liongeze hilo."

Hamida akaliongeza kwa kalamu, akamsogezea mzee atie saini fupi pembeni, na mzee akaitia mezani, nje ya karatasi. Haraka Hamida akaisogeza fomu, akidhani ni uzee. Akagonga mhuri. Akamwambia Eliza polepole, "Pumua, dada. Limekwisha. Kiwanja cha mama tunakirudisha leo leo. Kesho asubuhi unisindikize stendi."

Mzee akainuka, akaupapasa mlango, akatoka barazani. Eliza akamfuata hatua mbili akasimama. Klara alikuwa amenyanyuka kwenye benchi, yuko mbele ya mzee kabisa, umbali wa mkono.

"Za saa hizi, mzee," Klara akasema.

"Njema. Nani mwenzangu?"

Klara akashangaa. "Si mimi? Klara. Tunatazamana, mzee."

Mzee Kornelio akavua kofia. "Klara, mama," akasema, kwa sauti ambayo humo ndani ilisikika neno kwa neno, "kiwanja chako nilikiharibu mimi. Nisamehe. Sikukiona. Mimi sioni, mama. Ni mwaka wa tatu huu, sioni."

Ndani, Hamida aliacha kufunga mkoba. Akaichukua tena ile fomu yenye mhuri mbichi, akaitazama saini, akatazama alama ya kalamu iliyobaki juu ya meza. Kisha akamtazama Eliza.

"Hii karatasi nani aliichapa?"

"Mimi."

"Ulimsomea?"

"Nilitaka kumsomea. Akakataa."

"Ulijua haoni?"

"Nilijua."

"Na ukampa atie saini."

Eliza hakuwa na pa kujificha. "Nikampa," akasema.

Hamida akaupulizia wino wa mhuri ukauke. "Itasimama," akasema mwishowe. "Nimemsomea mimi, na kakubali kwa kinywa chake. Kazi yako hujaipoteza." Akaitia kwenye mkoba, akafunga zipu. "Ila kesho asubuhi usinisindikize stendi. Nitakwenda mwenyewe."

Huko nje Klara alikuwa amemshika mzee kiwiko, anamshusha ngazi moja baada ya nyingine, anamhesabia kwa Kishambaa kama anayemfundisha mtoto kutembea. Eliza alisimama mlangoni akiwatazama mpaka getini, na miguu yake haikuthubutu kuwafuata.